Utafiti Unatusaidia Nini? Kisa cha Daktari Burkitt na Uvimbe wa Taya

Haya ni mazungumzo aliyoyatoa mwelimishaji wetu wa afya mbele ya klabu ya afya ya shule moja ya sekondari. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa.

 

Mara ya mwisho nilipokuja hapa tulizungumzia malaria. Tulipokuwa tunamaliza, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu alisimama kule nyuma akaniuliza: "Dada, watafiti wanakuja kijijini kwetu kila mara. Wanatutoboa vidole, wanachukua damu, wanajaza makaratasi yao, wanaondoka. Hatuwaoni tena. Sasa huo utafiti unatusaidia nini sisi?" Mkampigia makofi. Nami nikajibu harakaharaka kwamba utafiti ni muhimu, unaleta maendeleo, basi nikapanda daladala nikaenda zangu.

Njiani nikaona aibu. Lile halikuwa jibu. Ilikuwa ni kauli ya kwenye bango. Kwa hiyo leo nimerudi na deni langu. Nitawasimulia kisa cha mtafiti mmoja, kazi alizoandika, na mambo yaliyotokana na kazi hizo baada ya yeye kuondoka. Mwishoni mtaamua wenyewe kama swali limejibiwa.

Lakini kwanza niwaambie kwa nini nimemchagua huyu na si mwingine.

Nilipokuwa darasa la sita, jirani yetu alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka minne hivi. Mtoto akaanza kuvimba shavu. Watu wakasema ni jino. Akang'olewa jino. Uvimbe ukazidi, na meno mengine yakaanza kulegea. Akang'olewa la pili. Wakasema labda ni jambo la kutafutiwa dawa za kienyeji, akapakwa dawa, akafungwa kitambaa. Ilipofika mwezi wa tatu taya lilikuwa limevimba hata jicho la upande ule limesukumwa juu. Ndipo akapelekwa hospitali kubwa. Alikuwa amechelewa. Tulimzika siku ya Jumapili.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya kwa mtoto yule. Mama yake hakulala. Tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja wetu mtaani aliyejua jina la ugonjwa ule. Mimi nimelijua nikiwa chuo kikuu, tena kwa kulisoma katika kitabu. Unaitwa limfoma ya Burkitt. Ni saratani, na ni moja ya saratani zinazowapata zaidi watoto wa ukanda wetu huu. Ni saratani ambayo inatibika.

Burkitt alikuwa nani?

Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 huko Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Akiwa na miaka 11 aliumia jicho la kulia, likapotea kabisa. Alianza kusomea uhandisi mjini Dublin, akaacha, akahamia udaktari, akawa daktari wa upasuaji. Mwaka 1946 alikuja Uganda kufanya kazi serikalini, akapelekwa Lira, kaskazini ya nchi.

Kule Lira aliona jambo moja. Wanaume wengi walikuwa wanakuja kupasuliwa mabusha. (Msicheke, ninyi. Busha ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine.) Daktari mwingine angepasua tu, siku zikaenda. Burkitt akawa anamuuliza kila mgonjwa: umetoka wapi? Akaona kwamba wengi walitoka upande wa mashariki wa wilaya, na wa magharibi walikuwa wachache mno. Watu ni wale wale, wilaya ni ile ile, lakini ugonjwa una upande wake. Siku hizi tunajua kwamba mabusha mengi husababishwa na minyoo wa matende wanaoenezwa na mbu, na mbu wana makazi yao.

Shikeni neno hilo: wapi? Ndilo swali lililoijenga kazi yake yote.

Watoto wawili

Mwaka 1957 Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Siku moja mwenzake, Dk. Hugh Trowell, alimwita wodini amwangalie mtoto wa kiume wa miaka mitano. Mtoto alikuwa amevimba taya la juu na la chini, kulia na kushoto. Burkitt alishangaa. Usaha wa jino hauwezi kukaa pande zote nne kwa pamoja. Saratani nayo kwa kawaida huanzia mahali pamoja. Hakujua ni nini.

Wiki chache baadaye alikwenda kutembelea hospitali ya Jinja. Akiwa wodini akatupa jicho nje dirishani, akamwona mama ameketi kwenye majani na mtoto wake. Uso wa yule mtoto ulikuwa umevimba vilevile. Akatoka mbio kwenda kumwangalia. Alipompapasa tumbo akakuta na huko kuna uvimbe.

Mtoto mmoja ni ajabu. Watoto wawili ni swali. Burkitt alirudi Mulago akaanza kupekua madaftari ya hospitali. Akakuta kumbe walikuwepo wengine wengi. Mmoja ameandikwa uvimbe wa taya, mwingine wa figo, mwingine wa ini, mwingine wa jicho. Kila daktari aliona kipande chake, hakuna aliyeviunganisha vipande vile.

Hapa nataka tusimame kidogo. Daktari Albert Cook, mmisionari aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa anaandika habari za wagonjwa wake kwa uangalifu mkubwa. Miaka mingi baadaye madaftari ya Mengo yalipopitiwa upya, wagonjwa wa namna hii walikutwa humo. Mjini Kampala pia Dk. Jack Davies alikuwa ameanzisha daftari la kuandikisha wagonjwa wote wa saratani mwanzoni mwa miaka ya 50. Bila makarani, wauguzi na wauguzi wasaidizi walioandika jina, umri na kijiji, Burkitt asingekuwa na cha kupekua. Majina yao hayamo katika makala za kisayansi. Lakini kazi yao imo.

Makala ya kwanza, na kosa lake

Mwaka 1958 Burkitt aliandika makala katika jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza. Alieleza habari za watoto 38 wenye uvimbe huo. Makala haikuvuma. Wasomaji wengi walikuwa Ulaya, na kwao watoto wa namna hii hawakuonekana.

Tena makala ilikuwa na kosa. Burkitt aliiita saratani ile sarkoma, yaani saratani inayotokana na nyama na mifupa. Greg O'Conor na Jack Davies, waliokuwa wakipima vipande vya nyama kwa hadubini palepale Kampala, waliandika mwaka 1960 kwamba sivyo. Hii ni limfoma, saratani ya chembe nyeupe za damu, zile ambazo kazi yake ni kutulinda.

Sasa wewe unaweza kusema, aah, kumbe alikosea! Ndiyo, alikosea. Lakini kwa kuwa aliandika wazi alichokiona, wenzake waliweza kumsahihisha. Kosa lililofichwa halisahihishwi na mtu.

Karatasi na gari kuukuu

Burkitt akarudi kwenye swali lake: uvimbe huu unaonekana wapi? Fedha za kwanza za utafiti alizopewa zilikuwa paundi 25. Alizitumia kuchapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa na maswali machache, akazituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni sehemu nyingi za Afrika. Mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Majibu yalipokuja alitia alama kwenye ramani ya ukutani. Polepole ukajitokeza ukanda unaokatiza Afrika ya kati kutoka magharibi hadi mashariki, wenye mkia unaoshuka kwenda kusini upande wa pwani ya mashariki.

Ramani ilikuwa na ukingo. Je, kule ukingoni uvimbe unaishia wapi hasa, na kwa nini? Barua hazikutosha tena. Mwezi wa Oktoba 1961, Burkitt na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford la mwaka 1954. Walikwenda kusini kupitia Tanganyika hadi Afrika Kusini na kurudi. Safari ilichukua wiki 10. Walitembea maili 10,000, sawa na kilometa 16,000, wakapita katika hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika walitoa picha na kuuliza. Basi. Hawakuwa na mashine kubwa. Walikuwa na picha, kalamu, na adabu ya kusikiliza watu wanaoishi pale.

Matokeo yalikuwa haya. Karibu na ikweta, uvimbe hauonekani mahali palipoinuka kupita mita 1,500 hivi. Kadiri unavyokwenda kusini, mwinuko huo unashuka. Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi kule Entebbe, alipoitazama ramani akang'amua kwamba mwinuko wenyewe si hoja. Hoja ni joto. Mahali ambapo baridi hushuka chini ya nyuzi 16 hivi, au mvua ni chini ya milimeta 500 kwa mwaka, uvimbe haupo.

Nani hapa anajua kiumbe anayependa joto na maji? Naam, mbu. Burkitt na wenzake wakaandika mwaka 1962 kwamba huenda saratani hii inaletwa na kirusi kinachoenezwa na mbu. Wakati ule kusema kwamba kirusi kinaweza kuleta saratani kwa binadamu lilikuwa jambo la kushangaza. Katika kuku lilijulikana tangu 1911. Kwa binadamu, wengi walitikisa kichwa.

Mtu mmoja aliyesikiliza

Kabla ya safari ile, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alikuwa London kwa likizo. Alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwepo mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyekuwa anachunguza virusi vya saratani ya kuku. Mhadhara ulipoendelea Epstein akajua kwamba amepata kazi ya kufanya. Wakakubaliana: vipande vya uvimbe vitatumwa kwa ndege kutoka Uganda hadi London.

Kwa miaka miwili na zaidi Epstein hakupata kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kipande kilipomfikia kilikuwa kimechelewa, na maji yaliyokihifadhi yamekuwa machafu. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba kimeoza na kukitupa. Badala ya kukitupa aliweka tone chini ya hadubini, akakuta uchafu ule si wadudu wa kuoza. Ni chembe hai za saratani zilizojitenga na kuelea. Akaanza kuzikuza, zikakua. Mwanzoni mwa 1964, kwa hadubini ya elektroni, aliona kirusi ndani yake. Makala ilitoka Machi 1964, imeandikwa na watu watatu: Epstein, Bert Achong wa kutoka Trinidad, na Yvonne Barr wa Ireland. Kirusi hicho mpaka leo kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Je, Burkitt alikuwa sahihi kuhusu mbu?

Nusu. Na hapa ndipo ninapompendea.

Kirusi hakikuenezwa na mbu. Kinaenea kwa mate, na kipo dunia nzima. Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 wanacho mwilini, na mimi pengine ninacho. Sasa kama kipo kila mahali, mbona saratani hii imejazana katika ukanda wetu? Jibu lililoanza kutolewa mwaka 1964 na Gilbert Dalldorf na wenzake ni malaria. Ukanda wa uvimbe ni ukanda wa malaria ya mwaka mzima. Hata visiwani Unguja na Pemba, ambako kuna joto na mvua tele, uvimbe ulikuwa haba, na wakati ule malaria ilikuwa imedhibitiwa kule. Mbu alihusika kweli, ila si kwa njia ile iliyodhaniwa. Mtoto anayeugua malaria mara kwa mara kinga yake huchoka kukidhibiti kirusi, na chembe zile nyeupe huzaana kwa fujo. Katika kuzaana huko, mara moja moja kipande cha kromosomu namba 8 hukatika na kujiunga mahali pasipo pake, mara nyingi kwenye namba 14. Hapo breki ya chembe hukatika.

Mwaka 1969 Burkitt mwenyewe aliandika makala ya kueleza kwamba wazo lake la kirusi cha mbu lina mbadala bora zaidi, nao ni malaria. Fikirini. Mtu amezunguka kilometa 16,000, jina lake limepewa ugonjwa, halafu anachukua kalamu anasema: huenda wenzangu wameona vizuri kuliko mimi. Ni wangapi kati yetu tunaoweza kufanya hivyo hata katika mabishano ya bwenini?

Waliopokea kijiti

Ukitaka kujua uzito wa kazi ya mtafiti, usihesabu vyeti ukutani kwake. Tazama ni nani waliichukua kazi hiyo wakaiendeleza.

Moja. Katika eneo la West Nile, Uganda, kuanzia mwaka 1972 timu ya Guy de-Thé ilichukua damu ya watoto 42,000 hivi wenye afya, ikaihifadhi, ikangoja. Ripoti yao ya 1978 ilihusu watoto 14 kati yao waliokuja kupata uvimbe. Ilionyesha kwamba mtoto mwenye kingamwili nyingi mno za kirusi kile yuko katika hatari zaidi, tena miezi au miaka kabla ya kuugua. Wale watoto wa West Nile walitobolewa kama unavyotobolewa wewe.

Mbili. Hapa Tanzania, katika eneo la Mara Kaskazini, watoto wa chini ya miaka 10 waligawiwa vidonge vya klorokwini kuanzia 1977 hadi 1982 ili kuona kama malaria ikipungua na uvimbe utapungua. Uvimbe ulipungua, na baadaye ukapanda tena. Lakini ulikuwa umeanza kushuka hata kabla ya dawa kugawiwa, kwa hiyo waandishi wa ripoti ya 1989 hawakukata shauri moja kwa moja. Waliandika hivyo hivyo, wazi.

Tatu ni tiba. Mionzi haikuwapo Uganda wakati ule, na kisu hakikuweza kuumaliza uvimbe. Burkitt kule Kampala na Dk. Peter Clifford mjini Nairobi walijaribu dawa mpya za saratani, na wakaona uvimbe unayeyuka, kwa baadhi ya watoto baada ya dozi chache tu. Mwaka 1967 kituo cha kutibu uvimbe huu kilifunguliwa Mulago, ndicho kilichozaa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wakati wa Idi Amin wataalamu wa kigeni walipoondoka, Mganda, Dk. Charles Olweny, alikiongoza kituo hicho. Yaliyojifunzwa pale, kwamba dawa zenyewe zinaweza kuponya saratani, yalisaidia madaktari wa nchi nyingine pia.

Nne. Sikilizeni hili vizuri, hasa wasichana. Mjerumani mmoja, Harald zur Hausen, alianza kazi zake kwa kukichunguza kirusi cha Epstein-Barr. Mwaka 1970 yeye na wenzake walionyesha kwamba vinasaba vya kirusi hicho vimo ndani ya chembe za uvimbe wa Burkitt hata pale ambapo kirusi chenyewe hakionekani. Akajiuliza: kama ni hivyo kwa uvimbe huu, je, saratani ya mlango wa kizazi haiwezi kuwa na kirusi chake kilichojificha? Mwaka 1983 na 1984 timu yake ilivipata virusi vya papiloma aina ya 16 na ya 18. Mwaka 2006 chanjo ikaanza kutumika. Mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel. Na mwaka 2018 Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima.

Wangapi hapa mmechanjwa? Nyosheni mikono. Mnaona? Sindano ile ya begani ina ukoo. Ukiufuata nyuma utafika Heidelberg, utafika London, na mwisho utafika kwenye majani nje ya wodi ya Jinja, alipokaa mama na mtoto wake mgonjwa.

Na habari ya ugali wa dona

Burkitt aliondoka Uganda katikati ya miaka ya 60 akarudi Uingereza, na swali lake la "wapi" akalibeba. Aliona kwamba magonjwa ya utumbo yaliyojaa katika hospitali za Uingereza hakuyaona sana Uganda vijijini. Kwa kufuata mawazo ya Peter Cleave na Hugh Trowell, akasema tatizo ni chakula kilichokobolewa mno, kisicho na nyuzinyuzi. Ili kupima, yeye na wenzake waliwapa watu vijipande vidogo vya plastiki wameze, kisha wakapima choo. Ndiyo, choo. Katika ripoti yao ya 1972, choo cha Waganda wa vijijini kwa siku kilizidi gramu 400, na cha Waingereza waliopimwa kilikuwa karibu gramu 100 tu. Chakula pia kilipita tumboni kwa Waganda katika muda usiofika nusu ya ule wa Waingereza.

Si yote aliyoyasema kuhusu nyuzinyuzi yaliyosimama. Saratani ya utumbo ina sababu nyingi, na wanavijiji wengi enzi zile hawakufika hospitali wala kufikia uzee ambao magonjwa hayo hujitokeza. Hata hivyo, uchambuzi mkubwa ulioombwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanaokula nyuzinyuzi gramu 25 hadi 29 au zaidi kwa siku hufa kidogo kwa magonjwa ya moyo, na hupata saratani ya utumbo mara chache, kuliko wanaokula kidogo. Kwa hiyo anayewacheka wenzake kwa kula dona, maharage na mchicha, eti chakula cha kimaskini, mwambieni aje anione.

Burkitt alifariki Machi 1993.

Sasa, swali letu

Mdogo wangu wa Kidato cha Tatu uliyeniuliza, nimekuona pale dirishani. Utafiti unakusaidia nini?

Nakujibu kwa pande mbili. Upande wa kwanza: damu iliyotolewa kijijini haipotei kama kazi imeandikwa na kuchapishwa kwa ukweli. Inaweza kurudi kwako baada ya miaka 50, ikiwa imebadilika sura, ikiwa chanjo au dawa. Wale watoto wa 1957 hawakujua kwamba wanawalinda ninyi.

Upande wa pili: manung'uniko yako ni halali. Mtoto wa jirani yetu alikufa ilhali tiba ilikuwa inajulikana kwa miaka mingi. Maarifa yalitoka Afrika Mashariki, yakazunguka dunia, lakini hayakufika mtaani kwetu. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 8 kati ya 10 wenye ugonjwa huu hupona. Kwetu idadi ni ndogo kuliko hiyo, kwa sababu wengi huchelewa kufika, na wengine huacha matibabu katikati nauli inapokwisha au uvimbe unapoonekana umekwisha. Utafiti usiorudi kwa watu ni kazi iliyofanywa nusu. Kwa hiyo watafiti wakija tena, waulizeni bila woga: mnatafuta nini? Damu yetu itafanyiwa nini? Naweza kukataa? Mtarudi lini kutuambia mlichokiona? Hayo ni maswali ya haki yako, na mtafiti wa kweli hakasiriki.

Wala msingoje watafiti. Ile nusu iliyobaki mnaweza kuifanya ninyi. Nawaombeni mwende nyumbani likizo hii na maneno haya:

Mtoto mdogo, hasa wa miaka 4 hadi 10, akivimba taya au shavu na uvimbe ukaongezeka siku hadi siku. Au meno yake yakalegea bila sababu. Au jicho likasukumwa nje. Au tumbo likavimba upesi. Apelekwe kituo cha afya mara moja, na mwombe apewe rufaa. Msingoje aone jino lipi linauma. Chembe za uvimbe huu zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Wiki moja ni muda mrefu. Mwezi ni muda mrefu mno. Hospitali za rufaa kama Muhimbili, Bugando na KCMC zinatibu saratani za watoto. Na matibabu yakianza yasikatishwe, hata mtoto akionekana amepona.

Mtoto alale ndani ya chandarua, na malaria itibiwe mapema. Msichana aliyefikia umri wa chanjo asiikose.

Na jambo la mwisho, kwa wale wanaopenda sayansi na wanadhani kwamba utafiti ni mpaka uende Ulaya. Burkitt alikuwa na jicho moja, paundi 25 na swali la neno moja. Anzeni na daftari la klabu yenu. Andikeni: wiki hii nani aliumwa, aliumwa nini, anatoka wapi. Andikeni tarehe. Andikeni na mliyokosea. Mtoto wa jirani yetu hakuandikwa popote mtaani, na ndiyo maana nimemleta hapa leo, ili angalau ninyi mmjue.

Nimemaliza. Nani ana swali? Na safari hii sitakimbilia daladala.